Brifingi Si Mahakama

Mtu yeyote aliyewahi kuvaa aproni jijini Nairobi anaujua mkutano wa kabla ya zamu, ule unaoitwa brifingi. Unafanywa kila siku, mahali pengine mara mbili: asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, na saa kumi jioni kabla ya watu wa chakula cha usiku kuingia. Wahudumu wanapangwa mstari karibu na kaunta kama watoto wa paredi. Mmoja anaambiwa aongoze sala. Halafu menija anafungua daftari, na kesi zinaanza. Nani alichelewa jana. Nani alivunja glasi. Meza gani ilitoroka na bili, na nani atailipa. Nani ana kucha ndefu, nani siku hizi anajifanya amesoma sana. Mwisho kabisa inakuja ile sentensi inayojulikana kutoka Westlands hadi Tom Mboya: "Kama hujatosheka, mlango uko wazi. CV zimejaa kwa droo." Haya, makofi matatu, twende kazi.

Ikifika saa saba mchana, mteja wa kwanza anaagiza tilapia. Mhudumu anaandika, anapeleka oda jikoni, anarudi na uso wa mtu aliyetumwa kutangaza msiba. Tilapia iliisha jana usiku. Shefu alijua. Keshia alijua. Hata yule wa kuleta samaki alijua, kwa sababu ni yeye ambaye hakuleta. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule anayesimama mbele ya mteja. Na huyo alikuwa kwa brifingi nusu saa nzima.

Hoja yangu ni fupi. Brifingi ina kazi moja: watu wote wa zamu waanze kazi wakijua mambo yale yale. Kisichosaidia kazi hiyo kitafutiwe mahali pengine. Na kwa sababu brifingi ni kazi, ilipwe kama kazi. Menija anayekataa mambo haya mawili hafanyi mkutano. Anaiba muda wa watu, kisha anautumia muda huo huo kuwatisha.

Najua "anaiba" ni neno zito, kwa hivyo tulipime kwa hesabu.

Chukua mkahawa wa kawaida wa Kilimani au Ngong Road, wenye watu 14 kwa zamu ukijumlisha wahudumu na wapishi. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema kazi ni saa mbili asubuhi. Lakini kila mtu anajua saa mbili maana yake ni saa moja na nusu, kwa sababu ya brifingi. Ukiingia saa moja na dakika arobaini umechelewa, na jina lako litasomwa. Nusu saa mara watu 14 ni saa 7 kila siku. Kwa siku 26 za kazi, ni saa 182 kwa mwezi. Wiki ya kawaida ya kazi katika kanuni za jumla za mishahara hapa Kenya ni saa 52. Gawanya mwenyewe. Mwenye mkahawa huyo anapata wiki tatu na nusu za kazi ya mtu mzima, kila mwezi, bila kutoa hata shilingi. Huo ni mfano tu. Weka idadi ya watu wa mahali pako na dakika zenu, uone kinachotoka.

Na nusu saa hiyo haitoki hewani. Kwa anayeishi Kayole au Rongai, ndiyo tofauti ya kutembea hadi steji kukiwa kumepambazuka na kutembea gizani. Ndiyo tofauti ya kumwandalia mtoto chai na kumwachia jirani. Menija hutaona akiihesabu, kwa sababu yeye anaingia saa mbili kasoro dakika tano, brifingi inamsubiri, na hakuna anayesoma jina lake.

Sasa tuje kwa kesi zenyewe. Naiita mahakama kwa sababu ina mashtaka, ina hakimu na ina hukumu. Inachokosa ni utetezi. Jaribu kujibu uone. "Unanijibu? Mbele ya watu?" Hapo kosa la pili limezaliwa, na mara nyingi ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya onyo.

Tuna sheria kuhusu mambo haya, na si sheria iliyofichwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kutoa kwenye mshahara. Anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa sababu mfanyakazi alikusudia kukosa wajibu wake. Kukusudia. Glasi iliyoteleza kwenye trei yenye glasi 12, sakafu ikiwa imepigwa deki dakika mbili zilizopita, haikukusudiwa na mtu. Upungufu wa pesa nao unaweza kukatwa, lakini kwa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu. Kifungu hicho hakisemi popote kwamba mteja akiruka na bili ya 3,400, basi wahudumu wote wa zamu wachange. Na hata makato halali yakijumlishwa, hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, mfanyakazi akiwa na haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Kwa hivyo kikao cha nidhamu kipo, kina utaratibu wake na watu wake, na hakifanyiwi mbele ya kaunta huku stewadi akisikiliza na trei mkononi. Menija anayetangaza "wewe leo ndio mwisho" katikati ya mstari anaweza kumpelekea bosi wake kesi ya kweli, kwenye mahakama ya kweli. Wenye mikahawa, hili mngelipigia hesabu kabla ya kucheka.

Najua jibu mtakalonipa. "Bila ukali, hawa watu hawasikii." Hiyo ndiyo nguzo ya mahakama yote, kwa hivyo tuiangalie vizuri. Aibu inafundisha, sikatai. Swali ni inafundisha nini. Mhudumu aliyesomwa jina jana kwa kuandika oda vibaya hatakuwa mwangalifu zaidi leo. Atakuwa mfichaji zaidi. Akikosea, badala ya kukimbia dirishani kwa shefu na kusema "samahani, meza ya nne ilikuwa kuku si mbuzi," atanyamaza aombe Mungu mteja asigundue. Mbuzi atatoka, atarudishwa, atatupwa. Kuku ataanza kupikwa upya. Mteja atangoja dakika arobaini, ataandika maoni yake mtandaoni, na kesho asubuhi maoni hayo yatasomwa kwa brifingi kwa sauti kubwa. Ona vile mduara unajizungusha. Ukali ulioleta kosa ndio unaitwa kuja kulitibu.

Kuna kitu kibaya kuliko mbuzi aliyetupwa. Mahali nilipofanya kazi, na sitapataja, mwenzetu mmoja aliomba ruhusa ya kwenda kliniki. Asubuhi iliyofuata menija aliuliza mbele ya mstari wote: "Huyu kila mwezi kliniki, kliniki. Ana nini ambacho hatuambiwi?" Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kuogopa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeomba ruhusa ya hospitali tena. Watu walikuja wakikohoa. Watu walikuja tumbo likiwasumbua, wakashika sahani, wakakata kachumbari. Sasa fikiria: kila anayeshika chakula hapa kwetu anatakiwa awe na cheti cha kupimwa afya, kinachofanywa upya kila miezi sita, na vyeti hivyo vinaning'inia ukutani vikiwa na mihuri. Karatasi hiyo inasaidia nini ikiwa mtu anayeharisha leo asubuhi anaogopa kusema? Menija yule alidhani anadhibiti utoro. Alichofanya ni kuhakikisha ugonjwa wowote utapita jikoni kimya kimya mpaka uwafikie wateja.

Hebu tutoke mkahawani kidogo, twende mahali ambapo kukosea kunaua moja kwa moja: chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha fupi ya kusomwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane. Kulikuwa na London, Toronto na Seattle, na kulikuwa na Ifakara, hapo Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo ina mambo mengi, kuanzia dawa za kuzuia maambukizi hadi kuhesabu vifaa. Lakini kabla ya ngozi kukatwa kuna hatua inayoweza kuonekana ya kitoto: kila mtu aliye chumbani anasema jina lake na kazi yake. Daktari mpasuaji anaeleza ni wapi mambo yanaweza kuharibika. Muuguzi anaeleza wasiwasi wake kuhusu vifaa. Hakuna anayesomewa makosa ya wiki iliyopita. Yaani watu wenye visu, dawa za usingizi na miaka mingi ya shule walikubali kusimama kidogo na kuambiana wanachojua, na muuguzi akapewa nafasi ya kusema kabla mambo hayajaharibika.

Utasema mhudumu hashiki kisu cha upasuaji. Sawa. Lakini mzio wa njugu karanga unaweza kuua, na kuna mboga za kienyeji zinazopikwa kwa njugu iliyosagwa, na mteja haoni njugu akiangalia sahani. Mwingine hali chochote cha ng'ombe, anauliza kama managu yamewekwa maziwa. Mhudumu aliyefundishwa kwamba kutojua ni kosa la kusomwa jina hatasema "sijui, wacha niulize." Atasema "hapana, hayana." Anajibu kwa kubahatisha, na anayebeba hatari ni mtu aliyekuja tu kula.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kupanga wahudumu mstari ni utaratibu wa hoteli kubwa za dunia. Ni kweli. Ritz-Carlton wanajulikana kwa mkutano wao mfupi wa kila siku, idara zote, wakizungumzia maadili ya kampuni na wageni wao. Lakini hoteli hizo hizo zinajulikana kwa jambo lingine: mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kutatua shida ya mgeni bila kumuuliza menija. Sasa linganisha na hapa. Mhudumu wetu hawezi kumpa mteja soda ya bure kwa sababu chakula kimechelewa mpaka menija atafutwe, aje, atie sahihi, na huenda soda ikakatwa kwa mtu. Tuliiga kusimama, tukasahau kuiga kuaminiwa. Mstari bila mamlaka ni paredi tu, na paredi haijawahi kupeleka chakula mezani.

Na si ati tunakosa maarifa nyumbani. Chuo cha Utalii pale Ruaraka kimekuwa kikifundisha kazi ya hoteli tangu 1975. Lakini kama shule ni mbali, kuna mwalimu wa karibu zaidi. Nenda kibandani kwa mathe yeyote aliye karibu na mjengo, saa nne asubuhi. Ana wasaidizi wawili. Mikono inakata sukuma, mdomo unapanga siku: "Ndengu leo ni kidogo, msimwahidi mtu wa kuchelewa. Madondo yako sawa. Wale wa mjengo wanalipwa leo, watakuja wengi, chapati zianze saa tano. Gesi iko karibu kuisha, mtu apige simu sasa. Hebu onja hii supu, chumvi imetosha?" Msaidizi anaonja, anasema ongeza kidogo, mathe anaongeza.

Hiyo ndiyo brifingi. Imechukua dakika mbili. Imesema kilicho kidogo, kilicho kingi, nani anakuja, nini kiko karibu kuharibika. Chakula kimeonjwa, na aliye chini amesema maoni yake yakafuatwa. Hakuna aliyepangwa mstari. Kibandaski kisicho hata na mlango wa kufunga kinafanya kile ambacho mkahawa wenye mashine ya kahawa ya bei ya gari unashindwa kufanya. Tofauti ni kwamba mathe anataka chakula kiuzwe. Menija mwingi, mtanisamehe, anataka kuonekana ni menija.

Basi tuseme unataka kuifanya vizuri. Mahitaji si mengi. Dakika kumi, ndani ya saa za kulipwa. Kama mlango unafunguliwa saa mbili na mkutano ni saa mbili kasoro robo, basi ratiba iandike saa mbili kasoro robo na mshahara uanze kuhesabika hapo. Watu wawe wameshapata chai na mandazi, kwa sababu mtu mwenye njaa anasikia tumbo lake, hakusikii wewe. Waketi, viti viko vingi na wateja hawajafika.

Swali la kwanza litoke kwa menija na majibu yatoke kwa wengine: nini hakifanyi kazi leo? Aanze aliyeajiriwa juzi. Menija akishaongea kwanza, hakuna atakayempinga, na ile mashine ya kadi iliyokataa kufanya kazi jana jioni itabaki siri mpaka mteja wa kwanza atakapotoa kadi. Ni mhudumu anayejua kiti kipi kinayumba na choo kipi hakifungi. Anajua pia ni meza gani mvua ikinyesha inapigwa na matone. Habari hizi ni pesa, na unazipata bure kwa kuuliza.

Kisha shefu, au mpishi aliyemtuma, atoke jikoni mwenyewe aseme kilichoisha, kinachokaribia kuisha, na kile anachotaka kiuzwe leo kabla hakijaharibika. Hili si la kutumiwa kwa ujumbe wa simu. Ugomvi mwingi kati ya jikoni na wahudumu unatokana na watu wawili wanaoonana kupitia dirisha dogo wakati wote wawili wamekasirika. Wakionana asubuhi uso kwa uso, kabla ya moto kuwaka, saa saba watazungumza tofauti.

Halafu waonje, sahani moja kwa siku, kijiko kwa kila mtu. Kuna wahudumu wanaouza samaki wa kupaka mwezi mzima na hawajawahi kumweka mdomoni. Mteja anauliza "ni mkali?" na jibu ni tabasamu. Kijiko kimoja cha mchuzi ni bei rahisi kuliko sahani nzima inayorudishwa. Wakati wanaonja, mpishi aseme kilichomo: njugu, maziwa, simsim, kamba, mayai. Kitu hiki na bukingi za siku viandikwe kwenye ubao karibu na dirisha la jikoni, ili aliyekwama kwenye jam ya Jogoo Road asome akifika, na wengine wasizuiliwe kumsubiri.

Jambo la jana likiwepo, litajwe bila jina. Kwa nini useme fulani alichelewesha bili, na unaweza kusema: "Jana meza tatu zilingoja bili zaidi ya robo saa, tatizo lilikuwa wapi?" Labda mtasikia kwamba keshia alikuwa peke yake wakati wa watu wengi. Labda kweli ni fulani. Kama ni fulani, mwite ofisini baadaye, mfunge mlango, mwongee kama watu wazima. Mwenye kosa atajirekebisha akiwa na heshima yake, na wenzake hawatapoteza dakika kumi wakitazama viatu vyao.

Na kabla hamjamaliza, hesabuni nani hayupo. Mwosha vyombo, tunayemwita stewadi, anajua chakula gani kinarudi nusu kila siku, kwa sababu ndiye anayekimwaga. Hakuna anayemuuliza. Askari wa mlangoni ndiye mtu wa kwanza kuongea na mteja, na mteja humuuliza: kuna maegesho? Kuna mpira leo? Mnapika pilau? Lakini kwa kuwa ameletwa na kampuni ya ulinzi, haesabiwi kuwa wa nyumba. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, halafu mwenyeji wa kwanza tunamwacha nje bila habari.

Kuhusu sala, niseme wazi kabla sijasemewa. Watu wanaotaka kusali wasali, ni jambo zuri, na wafanye hivyo kabla ya saa kuanza, wakipenda. Lakini kwenye mstari mmoja kuna Mkatoliki, Msabato, Mwislamu na yule asiyeenda popote, na wote wanaangaliwa na mtu anayeshikilia mishahara yao. Katika hali hiyo huwezi kujua nani anasali na nani anafanya kazi ya kuinamisha kichwa. Isitoshe, kuna kitu kinachoumiza katika kuombewa baraka na mtu ambaye dakika mbili baadaye atakukata mia tano.

Kuhusu wizi, naam, wapo wanaoiba. Nyama hutoka jikoni kwenye mifuko na mafuta hutoka kwenye chupa za maji. Lakini hotuba haijawahi kumzuia mwizi. Kinachomzuia ni stoki kuhesabiwa na watu wawili, jioni na asubuhi, na kuandikwa. Unapowahutubia watu 14 kuhusu wizi wa mmoja, umewatukana 13 na kumwonya yule mmoja kwamba unamtafuta.

Wewe unayesoma haya kwenye simu, huenda uko katika moja ya nafasi tatu. Labda uko na digrii yako na unabeba trei huku ukingoja mambo yafunguke. Usiende kupigana na menija peke yako kwenye mstari, ndivyo watu wanavyopotezewa kazi. Andika kila siku saa uliyofika na saa uliyoondoka. Hifadhi rekodi ya kila kato. Zungumza na wenzako, muende kwa menija mkiwa wengi na pendekezo, si lawama: tujaribu wiki mbili, dakika kumi, chakula kionjwe. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na wa mahoteli wana KUDHEIHA. Chama hakitakuja kukutafuta ulipo. Mnakitafuta nyinyi.

Labda uko upande wa pili wa meza, unakula. Mhudumu akikuambia mara tatu "wacha nikaulize jikoni," usimwone mjinga. Mshukuru kwa kutokubahatisha. Ukitaka kulalamika, lalamika kuhusu mkutano wa asubuhi. Na ukienda kuandika nyota moja mtandaoni ukitaja jina lake, kumbuka ni nani atakayesomewa maandishi hayo kesho, na watu wangapi watakuwa wamesimama wakisikiliza.

Na labda wewe ndiye menija, au una ndoto ya kufungua mahali pako pale Ruaka au South B. Naelewa hata wewe unafokewa. Mwenye mali anakupigia simu saa tano usiku kuuliza mauzo, na asubuhi unashusha hasira hiyo kwa wa chini yako, nao wataishusha kwa mteja, na mteja hatarudi. Mahali pa kuikata njia hiyo ni hapo kwako. Kesho asubuhi, liache daftari la makosa ofisini. Mwambie shefu atoe sahani moja na vijiko. Uliza nini hakifanyi kazi, kisha nyamaza mpaka mtu ajibu. Siku ya kwanza hawatajibu, wataona ni mtego. Uliza tena siku ya pili, na ya tatu. Wakianza kusema, rekebisha kitu kimoja walichotaja kabla ya jioni, hata kama ni kiti tu kinachoyumba.